Jane Austen na dada yake

Jane Austen alizaliwa mwaka 1775 katika kijiji cha Steventon, inchi ya Uingereza. Baba yake alikuwa mchungaji. Nyumbani mwao walizaliwa watoto wanane: wavulana sita na wasichana wawili, Jane na dada yake mkubwa, Cassandra. Walipendana sana.

Mwaka 1797 mchumba wa Cassandra alikufa kwa homa ng'ambo ya bahari. Cassandra alivumilia kimya, wala hakuolewa maisha yake yote.

Mwaka 1811 Jane alitoa kitabu juu ya dada wawili. Jina lake halikuandikwa. Watu waliambiwa tu kwamba mtungaji ni mwanamke. Katika hadisi hiyo, Elinor, aliye mkubwa, alificha huzuni yake moyoni, akawatunza wenzake. Marianne, mdogo wake, hakuweza kuficha kitu. Kijana aliyempenda alimwacha, akaoa mwanamke mwenye mali. Marianne alilia usiku kucha, akakataa kula, kisha akaugua karibu ya kufa. Elinor alimwuguza. Alipopona, Marianne alikumbuka kwamba dada yake naye aliumia siku zile zote bila kelele. Akaona haya.

Mwaka 1817 Jane mwenyewe aliugua. Cassandra alimwuguza katika mji wa Winchester. Jane alikufa humo, mwenye miaka 41, kichwa chake mapajani mwa dada yake.

Watoto, mwenzenu asipolia, msidhani hana huzuni.