Michael Faraday na Nyaya za Umeme

Michael Faraday alizaliwa tarehe 22 Septemba, 1791, karibu na jiji la London, katika nchi ya Uingereza. Baba yake alikuwa mhunzi, lakini aliugua mara kwa mara, na jamaa yake wakaishi katika umaskini. Michael alisoma shuleni kwa muda mfupi tu.

Mwaka 1805, alipokuwa na umri wa miaka 14, aliwekwa kwa George Riebau ili ajifunze kazi ya kujalidi vitabu. Alikaa huko miaka 7. Mchana alivishona vitabu vya watu. Kazi ilipokwisha, alivisoma. Kitabu kimoja kilieleza habari za umeme. Kwa fedha kidogo alizokuwa nazo alinunua vifaa, akajitengenezea mtambo mdogo wa umeme, ili aone mwenyewe kama yaliyoandikwa ni kweli.

Mwaka 1812 mteja mmoja alimpa tikiti za kwenda kusikiliza mafundisho ya Humphry Davy, mtaalamu mashuhuri wa kemia. Faraday aliyaandika aliyoyasikia, akayajalidi yakawa kitabu, akampelekea Davy. Mwaka 1813 aliajiriwa kuwa msaidizi katika maabara ya Davy.

Mwaka 1821 Faraday aliufanya waya wenye umeme uizunguke sumaku. Huo ulikuwa mwanzo wa mota. Kisha akajiuliza: ikiwa umeme huleta nguvu ya sumaku, je, sumaku haiwezi kuleta umeme? Jibu lilichukua miaka 10.

Tarehe 29 Agosti, 1831, alichukua pete nene ya chuma, akaizungushia nyaya za shaba pande mbili. Siku hizo hapakuwa na nyaya zenye ganda la plastiki. Nyaya tupu zikigusana, umeme huiacha njia yake ndefu na kupita njia ya mkato. Kwa hiyo Faraday alitenga kila mzunguko wa waya kwa uzi, na kila tabaka kwa kitambaa cha pamba. Kazi hiyo ilihitaji mikono na subira ya mjalidi vitabu.

Alipounga waya wa upande mmoja na betri, sindano ya sumaku iliyokuwa karibu na waya wa upande wa pili ilitikisika, kisha ikatulia. Alipoondoa betri, ikatikisika tena. Umeme ulikuwa umepatikana katika waya usiogusana na betri! Mwezi Oktoba mwaka huohuo aliisukuma sumaku ndani ya koili, akapata umeme tena. Jenereta hufanya kazi kwa njia hiyo.

Faraday alifariki tarehe 25 Agosti, 1867. Leo, ndani ya keekee ya umeme ya seremala, mna mota yenye nyaya nyingi za shaba. Nyaya hizo hupakwa vanishi badala ya kutengwa kwa uzi na kitambaa. Waya unaotoka kwenye plagi nao una ganda lake la mpira au plastiki.

Keekee ikizeeka, ganda hilo hukauka na kupasuka. Waya tupu ukigusa mwili wa chuma wa keekee, mtu anayeishika aweza kupigwa na umeme na kufa. Kwa hiyo fundi mwangalifu hafuniki ufa kwa kitambaa. Kwanza huchomoa plagi. Kisha huondoa waya mbovu wote, huweka mpya wenye unene unaofaa, na huhakikisha kwamba waya wa ardhini umeshikamana vema na mwili wa chuma. Kazi hiyo ni ya fundi umeme. Mtoto asiijaribu, kwani umeme wa nyumbani una nguvu nyingi kuliko ule wa betri ya tochi.

Zoezi
1. Kazi ya kujalidi vitabu ilimsaidiaje Faraday katika elimu yake?
2. Kwa nini alitenga nyaya kwa uzi na kitambaa?
3. Sindano ilitikisika wakati gani?
4. Ukiona waya wa keekee umepasuka ganda, utafanya nini?