Fraunhofer: Yatima wa Vioo Aliyechanua Mwanga wa Jua

Ukiwa Ntimaru usiku na stima zimepotea, nyota ni noma. Sasa msee, unajuaje nyota imetengenezwa na nini na hakuna mtu amewahi kufika huko? Stori inaanzia kwa yatima mmoja wa Ujerumani.

Joseph Fraunhofer alizaliwa Straubing 1787, mtoto wa 11 wa fundi wa vioo. Kabla afike miaka 12, mathe na buda wote wameenda. Akapelekwa Munich kwa fundi mwingine ajifunze kazi. Mdosi alikuwa mnoma manze: hakuna mshahara, na shule ya Jumapili alimkataza.

1801 nyumba ya mdosi ikaporomoka, kijana akafukiwa ndani. Mtawala wa Bavaria, Maximilian Joseph, alikuja mwenyewe kuona akitolewa. Akatoka mzima, akapewa doo. Wewe ungenunua nini? Yeye alinunua mashine ya kukata vioo, zingine akamlipa mdosi amwachilie.

1814 alikuwa Benediktbeuern, anatafuta tu njia ya kupima ubora wa glasi za darubini. Akapitisha mwanga wa jua kwa ufa mwembamba, ukapiga prizimu, halafu akachungulia na kadarubini kadogo. Zile rangi za upinde wa mvua zilikuwa zimechanjwa mistari myeusi, mingi ajabu. Mwingine angesema glasi ni chafu aende zake. Jamaa akahesabu zaidi ya 500, mikubwa akaipa herufi. Baadaye akaangalia Sirius: mistari tofauti. Kama shida ingekuwa glasi ama hewa yetu, si ingefanana? 1821 akaacha prizimu, akapanga waya 260 zikiwa karibu karibu, akapima urefu wa mawimbi yenyewe.

Wasomi wa akademia ya Munich walimbania, eti hajasoma. (Mimi niliyeacha chuo hapo nilicheka kidogo.) Mwishowe aliingia. 1826 kifua kikuu kikammaliza akiwa na miaka 39, na bado hajui ile mistari ni ya nini. Kirchhoff na Bunsen ndio walielewa 1859: kila elementi inameza rangi zake.

Kuona mistari miembamba zaidi, lazima utawanye mwanga zaidi, na chombo kisitikisike wala kisibadilishe joto. Ndiyo maana kule Sutherland, Afrika Kusini, spektrografu kali ya darubini ya SALT imefungiwa ndani ya tangi lililonyonywa hewa, mwanga wa nyota unaletwa na nyuzi za faiba.