Habari za Sidi Mubarak Bombay

Mwezi uliopita tulisikia neno hapa Zinga ambalo halikutupendeza. Wazee walipotaja jina la kijana mmoja kuwa msomaji wa Neno katika ibada, wengine walisema hafai kusimama mbele ya watu, kwa kuwa mdomo wake una kovu, na wageni watamcheka. Tabia yake hawakuitia ila. Nasi tuliokuwapo tukanyamaza, na kunyamaza kwetu kumetuchoma moyo tangu siku ile. Kwa hiyo twapenda kuwaeleza habari za mtu wa zamani aliyepita katika pwani yetu hii, ambaye uso wake ulidharauliwa, bali kazi yake haikusahauliwa.

Mtu huyo ni Sidi Mubarak Bombay. Alizaliwa yapata mwaka 1820 katika nchi ya Wayao, upande wa mashariki ya ziwa la Nyasa. Mama yake alikufa yeye akali mchanga, akalelewa na baba yake. Hata siku moja likatokea kundi kubwa la wafanya biashara wenye bunduki na panga, wakakizunguka kijiji, wakidai deni la nguo na shanga lililofanywa zamani za njaa. Watu wakakimbia, wengine wakauawa, wengine wakakamatwa. Yule mtoto alifungwa, akapelekwa Kilwa, akauzwa, akavushwa bahari mpaka Bara Hindi. Baba yake hakumwona tena, wala hakusikia habari zake.

Huko Bara Hindi alitumika miaka mingi, na jina la mji wa Bombay likamshika. Bwana wake alipokufa akapata uhuru, akarudi Unguja, akaingia katika askari wa Sultani, akawekwa Chogwe, karibu na Pangani. Huko ndiko walikomkuta Waingereza wawili, Burton na Speke, mwanzo wa mwaka 1857.

Sura yake haikuwa ya kumpendeza mtazamaji. Alikuwa mfupi, mwembamba, na kinywa kikubwa chenye meno yasiyolingana. Mtu akitafuta kiongozi kwa macho tu, angempita na kumtwaa mwingine. Lakini Speke hakujua Kiswahili, na Bombay alijua Kihindustani, lugha ambayo Speke aliifahamu. Basi ikawa kila neno la Speke kwa wapagazi, na kwa watu wenye nchi, lilipita katika kinywa kile kile kilichochekwa.

Mwezi wa Juni 1857 msafara ukaondoka Kaole, jirani zetu upande wa Bagamoyo. Ikapita miezi saba na zaidi ndipo walipofika Ujiji, mwezi wa Februari 1858. Burton alipobaki Tabora, Speke alikwenda kaskazini pamoja na Bombay, wakaliona ziwa kubwa la Nyanza mwezi wa Agosti mwaka ule. Speke alishuhudia kwamba mtu huyu ni mwaminifu, hachoki kwa kazi, naye ni mkarimu kwa wenziwe.

Mwaka 1860 wakaondoka tena, sasa Speke pamoja na Grant, wakipitia Bagamoyo. Katika safari hiyo palitokea ubishi, na Speke kwa hasira akampiga Bombay ngumi za uso, mbele ya watu aliokuwa akiwaongoza. Bombay akaona uchungu akaiacha kazi, kisha wakapatana, akairudia. Alikuwapo mwezi wa Julai 1862 Speke alipoona mahali mto Naili utokapo katika Nyanza. Wakaushuka mto mpaka Misri, na Bombay na wenziwe wakarudishwa Unguja kwa bahari. Chama cha Jiografia cha London kikampa nishani ya fedha.

Mwaka 1871 akaja Stanley, akitafuta habari za Livingstone, akamfanya Bombay mkuu wa askari wake. Stanley alipoandika sura ya mtu huyu, alitaja na pengo baya la meno ya juu, akasema ni kazi ya ngumi ya Speke. Tuangalie neno hili, ndugu. Ila moja iliyotajwa katika uso wake, hakuzaliwa nayo. Aliipata katika utumishi, kwa mkono wa yule yule aliyemsifu.

Hatusemi kwamba Bombay hakuwa na kosa. Alipenda pombe, aligombana na wenziwe, na Stanley alimwadhibu vikali. Hata hivyo Cameron alipotaka kuondoka Bagamoyo mwaka 1873, alimchagua yeye awe mkuu wa watu wake. Wakaenda, wakavuka bara yote, wakafika bahari ya magharibi karibu na Benguela mwezi wa Novemba 1875. Aliyetolewa kwao kwa minyororo alikuwa sasa ameikata Afrika kwa miguu toka bahari hata bahari. Mwaka uliofuata Chama kile kikamwekea malipo ya uzeeni. Akafariki mwaka 1885.

Mtu huyu alifuata Uislamu, wala hakuwa wa kundi letu. Lakini Bwana wetu alipotaka kufundisha jirani ni nani, alimtwaa Msamaria awe mfano, na aliyemwuliza akaona haya kulitaja jina lake. Tena twakumbuka nabii Samweli katika nyumba ya Yese. Hata yeye, mtumishi wa Mungu tangu utoto, alidanganywa na urefu na uzuri wa mzaliwa wa kwanza, mpaka Mungu alipomrudi na kumwonyesha kwamba Yeye hutazama moyo. Mdogo aliyeachwa malishoni ndiye aliyetiwa mafuta. Ikiwa nabii alikosea, sisi tutajiaminije macho yetu?

Basi tukichagua watumishi katika usharika, tuulize: Je, ni mkweli? Hulipa deni lake? Huwatunza wa nyumbani mwake? Hukaa na jirani zake kwa amani? Tusiulize habari za mdomo wake. Na tukiona kovu katika uso wa ndugu, tuogope kucheka, maana hatujui ni mkono wa nani uliolitia, na labda ni wa mtu kama sisi.

Kwa habari ya kijana wetu, tumekwenda kwake, tukamwomba radhi kwa kunyamaza kwetu. Wazee nao wamepatana. Jumapili ijayo atasoma Neno, nasi tutaketi mbele tumsikilize.