Osamu Tezuka: Aliyemzika roboti wake mara kadhaa, wasomaji wakakataa matanga

MNAMO Aprili 7, 2003, mji wa Niiza ulio katika mkoa wa Saitama nchini Japani ulimwandikisha mkazi wa aina yake. Hakuwa na damu wala mifupa, na hakuna mama aliyemzaa. Alikuwa Atom, mvulana roboti wa hadithi za vibonzo, ambaye mtunzi wake alikuwa amebuni miongo mingi awali kwamba angezaliwa siku hiyo.

Katika mtaa wa Takadanobaba jijini Tokyo, ambako hadithi inasema Atom aliundwa, kulikuwa na sherehe. Kituo cha treni cha mtaa huo kilianza mwaka huo kupiga muziki wa wimbo wake kila treni zinapokaribia kuondoka.

Aliyekosekana ni babake. Osamu Tezuka alikuwa ameaga dunia miaka 14 kabla ya siku hiyo aliyoichagua mwenyewe.

Waliosherehekea nao hawakuwa na kauli moja. Wapo waliomwona Atom kama shujaa wa sayansi, ishara ya Japani iliyoinuka kutoka kwenye majivu ya vita. Wengine walishikilia kwamba alikuwa onyo dhidi ya sayansi hiyo hiyo. Wengine tena walibishania kama Atom wa kweli ni yule wa kurasa za majarida, yule wa runinga ya 1963, au hawa waliochorwa na mikono mingine baada ya mtunzi kufariki. Anayetaka kuelewa chanzo cha mabishano hayo hana budi kurejelea maisha ya Tezuka, kwa sababu ndiye aliyeyaanzisha.

Tezuka alizaliwa Novemba 3, 1928, katika mji wa Toyonaka, mkoa wa Osaka, na akalelewa Takarazuka, mji uliovuma kwa kundi lake la maigizo ambalo waigizaji wote ni wanawake. Mamake alikuwa akimpeleka kutazama maigizo hayo. Babake naye alikuwa na mtambo wa kuonyeshea filamu nyumbani, na humo mvulana huyo akazijua filamu za Walt Disney na Charlie Chaplin.

Shuleni alikuwa mdogo wa umbo, mwenye miwani na nywele za mawimbi, na wenzake walimdhihaki. Kalamu ndiyo iliyomwokoa, kwani waliomcheka walianza kugombania michoro yake. Alipenda wadudu kupindukia, hata akaongeza herufi yenye maana ya mdudu kwenye jina lake la Osamu. Kwa jina hilo ndivyo alivyotambulika hadi kufa kwake.

Vita Vikuu vya Pili vilimkuta akiwa mwanafunzi aliyelazimishwa kufanya kazi kiwandani mjini Osaka. Mnamo Juni 1945 ndege za Marekani ziliumiminia mji huo mabomu ya moto. Tezuka alinusurika, lakini aliona maiti za watu waliokuwa hai muda mfupi tu kabla ya hapo. Vita vilipokwisha miezi miwili baadaye, alikuwa na umri wa miaka 16. Furaha ya kuwa hai na hofu ya mitambo inayoua watu kwa maelfu zilikaa pamoja moyoni mwake maisha yake yote.

Mwaka huo huo alijiunga na masomo ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Osaka. Januari 1946, akiwa na miaka 17, kibonzo chake cha kwanza kilichapishwa katika gazeti la watoto. Mwaka uliofuata kitabu chake cha Shin Takarajima, alichokitunga pamoja na Shichima Sakai, kiliwashangaza vijana wa Japani kwa namna picha zake zilivyokwenda mbio kama filamu. Baadhi ya watoto waliokisoma walikuja kuwa wachoraji mashuhuri kwa sababu yake.

Kwa miaka kadhaa aliishi maisha mawili, mchana darasani na usiku mezani akichora. Alipomwendea mamake kutaka ushauri, mama alimuuliza ni kazi gani aliyoipenda zaidi. Alipojibu kwamba ni vibonzo, akamruhusu kwenda zake Tokyo. Hata hivyo, Tezuka hakuutupa udaktari. Alifaulu mtihani wa kitaifa, na mnamo 1961 akapata shahada ya uzamifu kutoka Chuo cha Udaktari cha Nara kwa utafiti wa mbegu za uzazi za konokono wa majini.

Atom alichipuka Aprili 1951 katika jarida la wavulana la Shonen, ndani ya hadithi iliyomhusu balozi wa amani kati ya wanadamu wa dunia na wageni kutoka anga za mbali. Humo alikuwa mhusika mdogo tu. Tezuka alisimulia baadaye kwamba wazo la hadithi hiyo lilitokana na tukio la baada ya vita, alipopigwa na wanajeshi wa Marekani kwa kuwa hakuelewa walichomwambia. Pande mbili zinazoshindwa kusikilizana zikawa mada yake ya kudumu.

Mhariri wa jarida alimshauri ampe mvulana huyo hadithi yake mwenyewe na moyo wenye hisia. Aprili 1952 ukaanza mfululizo wa Tetsuwan Atomu, maana yake Atom mwenye mikono ya chuma, uliodumu hadi Machi 1968.

Kisa chenyewe kinaanza kwa msiba. Daktari Tenma, mwanasayansi mkuu wa serikali, anampoteza mwanawe, Tobio, katika ajali ya gari. Kwa uchungu anaunda roboti mwenye sura ya marehemu. Anampenda kwa muda, kisha anagundua kwamba mtoto wa chuma haongezeki kimo. Kwa hasira anamuuza kwa wenye sarakasi. Profesa Ochanomizu, mzee mwenye pua kubwa na moyo mwema, ndiye anayemkomboa na kumlea.

Atom ana nguvu za farasi 100,000, anapaa angani na kulia machozi. Wanadamu anaowaokoa asubuhi ndio wanaombagua jioni kwa kuwa ni mtambo. Watoto wa Japani walizipenda nguvu zake. Mtunzi alikuwa akiwaonyesha machozi yake.

Mnamo 1961 Tezuka alianzisha studio ya filamu za vibonzo, iliyokuja kuitwa Mushi Production. Januari 1, 1963, Atom aliingia kwenye runinga ya Fuji, na huo ukawa mfululizo wa kwanza wa vibonzo nchini Japani wa nusu saa kila wiki. Kilele chake kilikuwa takriban asilimia 40 ya nyumba zenye runinga. Kabla ya mwaka kwisha ulikuwa ukionyeshwa Marekani kwa jina la Astro Boy.

Ili kutoa kipindi kila wiki, studio ilipunguza idadi ya michoro na kuitumia tena ile iliyokwisha kuchorwa. Tezuka aliiuzia runinga kazi hiyo kwa bei ya chini mno, akitegemea mauzo ya bidhaa zenye picha ya Atom yafidie pengo. Wakosoaji wanadai kwamba bei hiyo ndiyo mbegu ya ujira duni unaowaandama wachoraji wa Japani hadi leo. Watetezi wake wanasema mwanzilishi mmoja hawezi kubebeshwa makosa ya wote waliomfuata.

Mafanikio hayo hayakumletea raha. Enzi hiyo vijana wa Japani walikuwa wakiandamana, na shinikizo lilikuwa kwamba Atom naye awe mkaidi zaidi. Katika kisa cha Shujaa wa Buluu, kilichochapishwa kati ya 1965 na 1966, Atom aliwaasi wanadamu na kusimama na maroboti wenzake. Wasomaji walinung'unika. Walimtaka mtoto mwema waliyemzoea, na umaarufu wake ukashuka. Tezuka mwenyewe alikiri baadaye kwamba tangu hapo hadithi ilimponyoka.

Desemba 31, 1966, mfululizo wa runinga ulifika tamati kwa Atom kujitosa ndani ya jua akibeba kifaa cha kulituliza ili dunia ipone. Watoto walilia na kulalamika. Mtunzi, ambaye alikuwa akiendelea kumchora, alimrudisha katika mfululizo wa gazeti la Sankei kati ya 1967 na 1969. Humo Atom aliyeanguka kutoka juani alirudi nyuma hadi karne ya 20 na kujikuta akiwakinga wanakijiji wa Vietnam dhidi ya mabomu ya Marekani. Mtunzi wake alikuwa ameyaona mabomu kama hayo mjini Osaka.

Mnamo 1970 alimwandikia kifo kichungu zaidi. Katika hadithi fupi ya Mwisho wa Atom, maroboti wanatawala dunia na kuwafuga wanadamu ili wauane kwa burudani. Kijana mmoja anayetoroka anamwamsha Atom kutoka jumba la makumbusho akitumaini kuokolewa, lakini shujaa huyo wa zamani anaangamizwa. Wapo mashabiki ambao hadi leo hawaitambui hadithi hiyo. Wengine wanasema ndiyo pekee iliyosema kweli yote.

Bahati nayo ilimpa kisogo. Novemba 1973 Mushi Production ilifilisika, na wengi wakadhani Tezuka amekwisha. Mwezi huo huo alianza Black Jack, kisa cha daktari wa upasuaji asiye na leseni, na jina lake likang'aa upya.

Alimrudia Atom tena. Vitabu vya Atom vilipochapishwa upya katika miaka ya sabini, alichora kurasa mpya za utangulizi. Kwa jumla alikuwa na mazoea ya kurekebisha kazi zake kila toleo jipya lilipotoka, hata watafiti wakawa wanabishana ni toleo lipi lihesabiwe kuwa asili. Oktoba 1980 alimleta tena kwenye runinga, safari hii kwa rangi, katika vipindi 52.

Kilichomuudhi zaidi ni sifa. Watu walimpongeza kwa kuisifu sayansi, ilhali yeye alisisitiza kwamba alikusudia kuonyesha sayansi isiyo na utu inavyoweza kumgeuka mwanadamu. Jina la shujaa wake, lililotungwa miaka michache tu baada ya Hiroshima na Nagasaki, lilichukuliwa na wengi kuwa baraka kwa nguvu za nyuklia. Ajali ya Fukushima ilipotokea mnamo 2011, hoja hiyo ilizuka upya, na mwenyewe hakuwapo kujitetea.

Mwishoni mwa 1988 afya yake ilizorota. Kwa desturi ya wakati huo nchini mwake, hakuambiwa kwamba alikuwa na saratani ya tumbo. Aliendelea kuchora kitandani hospitalini, akiwasihi waliomuuguza wamwache afanye kazi. Aliaga dunia Februari 9, 1989, akiwa na umri wa miaka 60. Aliacha takriban kurasa 150,000 za michoro, na hadithi kadhaa ambazo hazikukamilika.

Atom hakuzikwa naye. Aprili 2003 runinga ya Fuji ilianza mfululizo mpya wa vipindi 50. Mwaka huo huo Naoki Urasawa, aliyekuwa amempenda Atom tangu utotoni, alianza kuchora Pluto, akisimulia upya kisa cha miaka ya sitini cha roboti mwenye nguvu kuliko wote duniani. Mwanawe Tezuka, Makoto, alisitasita kwanza, kisha akaridhia kwa sharti kwamba Urasawa achore kwa mkono wake mwenyewe badala ya kumwiga marehemu. Ndani yake mna vita vinavyofanana na vile vya Iraq. Mnamo 2005 kazi hiyo ilipewa tuzo kuu ya vibonzo yenye jina la Tezuka, na mnamo 2023 ikatolewa kama filamu za vibonzo kwenye Netflix.

Kinyume chake, filamu ya 2009 iliyomvisha Atom nguo za kijana wa Kimarekani haikurejesha hata gharama zake. Kina sisi wa zamani, wanadai mashabiki wakongwe, tunamtaka mvulana wetu alivyokuwa. Vijana nao hujibu kwamba Pluto imewafunza kumhusu Atom kuliko michoro ya awali.

Pande zote mbili zina haki yao, lakini jibu liko katika kurasa za kwanza kabisa alizochora Tezuka. Daktari Tenma alimfufua mwanawe akitaka awe vile vile alivyokuwa, na alipopata alichokitaka akamchukia, kwa kuwa mtoto asiyekua si mtoto. Makoto aliyezaliwa na Tezuka alikuwa ameisoma hadithi hiyo. Alipomkataza Urasawa kuiga, alimruhusu Atom jambo moja ambalo Tenma hakuliweza kwa ufundi wake wote: kukua.