Augustino wa Hippo: Mwafrika aliyefundisha wokovu kwa imani



Kati yetu wako wanaofunga na kushika amri zote, kisha wanafikiri Mungu ana deni kwao. Wako pia wanaosema wamekwisha kuamini, hiyo yatosha, nao wanaishi wanavyotaka. Kwa ajili ya wote wawili tunawaletea maisha ya Augustino, mwana wa Afrika, aliyeishi zaidi ya miaka 1000 kabla ya Wakatoliki na Waprotestanti kutengana.

Augustino alizaliwa tarehe 13 Novemba 354 huko Thagaste, mji unaoitwa leo Souk Ahras, katika Algeria. Baba yake Patricius alikuwa mpagani. Mama yake Monika alikuwa Mkristo wa sala nyingi. Kijana huyo alikuwa na akili sana. Alisoma Madaura, halafu Karthago. Huko aliishi na mwanamke pasipo ndoa, akazaa naye mtoto, Adeodatus. Tena aliingia dini ya Mani, akakaa humo miaka tisa hivi. Monika hakuacha kumlilia mbele za Mungu.

Mwaka 384 alipata kazi ya ualimu Milano, katika Italia. Mahubiri ya askofu Ambrosi yakaanza kumgusa. Lakini tamaa za mwili zilimfunga: alijua mema, aliyataka, hakuweza kuyatenda. Siku moja ya mwaka 386, akilia bustanini, alisikia sauti kama ya mtoto ikimwagiza achukue na kusoma. Akafungua barua ya Paulo kwa Waroma, sura ya 13, pale mtume anapowaonya waamini waache ulevi na uasherati na kumvaa Kristo. Saa ile minyororo ikakatika. Usiku wa Pasaka 387 Ambrosi akambatiza pamoja na mwanawe. Mwaka uleule Monika alifariki Ostia, wakiwa njiani kurudi Afrika. Lakini alikuwa amekwisha kuona jibu la machozi yake.

Augustino alirudi Afrika mwaka 388. Mwaka 391 alifanywa padri wa Hippo, baadaye askofu wake, akalichunga kundi hilo zaidi ya miaka 30.

Siku hizo Pelagius, mtu wa Britania, alifundisha kwamba mtu anaweza kushika amri zote kwa nguvu ya nia yake mwenyewe. Augustino alijua namna nia yake ilivyomshinda. Akijifunza kwa Paulo, akajibu kwamba neema hutangulia, na hata imani yenyewe ni zawadi ya Mungu. Mwaka 418 maaskofu wa Afrika walikutana Karthago wakayakataa mafundisho ya Pelagius.

Lakini Augustino hakuwapa nafasi wavivu. Mnamo mwaka 413 aliandika kitabu juu ya imani na matendo, kuwapinga waliotaka watu wabatizwe bila kuacha maisha mabaya. Alionyesha kwamba imani inayookoa ni ile inayozaa upendo. Matendo ni matunda. Hayawezi kuwa mizizi.

Mwaka 430 Wavandali waliuzingira mji wa Hippo. Augustino alikuwa mgonjwa wa homa. Aliomba Zaburi za toba za Daudi ziandikwe na kubandikwa ukutani karibu na kitanda chake, akawa anazisoma kwa machozi. Alifariki tarehe 28 Agosti, mwenye miaka 75. Hakuacha wasia, maana hakuwa na mali.

Wapendwa, askofu huyu hakubandika ukutani hesabu ya kazi zake. Alibandika maombi ya rehema. Basi anayeshika amri ashukuru, asijivune. Aliyeanguka arudi, mlango haujafungwa. Na mama anayemlilia mtoto wake asichoke.

Mungu awabariki. Amina.