Mkwawa: Taarifa za Wapelelezi Zilivyoamua Vita ya Lugalo

Mtwa Mkwawa, ambaye jina lake kamili ni Mkwavinyika Munyigumba Mwamuyinga, alizaliwa Luhota, Iringa, takriban mwaka 1855. Ushujaa wa mtawala huyo wa Wahehe husimuliwa sana; uangalifu wake wa kutafuta habari za adui kabla ya kutoa amri hutajwa kwa nadra.

Mwaka 1891 Emil von Zelewski, kamanda wa jeshi la Wajerumani, aliingia Uhehe na askari zaidi ya 300, wapagazi na mizinga. Msafara wake ulienda kwa mstari mrefu katika njia nyembamba, pasipo upelelezi wa kutosha mbele yake. Wakati huo wapelelezi wa Mkwawa walikuwa wakifuatilia mwendo wake. Kwa kujua njia aliyoishika adui na silaha alizobeba, Mkwawa aliepuka kupambana na bunduki uwandani. Wapiganaji wake, wengi wao wakiwa na mikuki na ngao tu, walijificha vichakani Lugalo chini ya uongozi wa nduguye, Mpangile. Agosti 17 waliuvamia msafara kwa ghafla, wakapigana ana kwa ana kabla mizinga haijatumika ipasavyo. Zelewski aliuawa pamoja na sehemu kubwa ya jeshi lake.

Oktoba 1894 hali ilikuwa tofauti. Ngome ya Kalenga, iliyozungushiwa ukuta imara, ilikuwa shabaha isiyohama, na mizinga ya Wajerumani ikaivunja. Mkwawa aliponyoka.

Kwa takriban miaka minne wananchi walimficha, wakampa chakula na kumjulisha doria zilipoelekea. Tom von Prince, aliyejenga boma la Iringa mwaka 1896, alikuwa na bunduki za kutosha; alichokosa ni mtu wa kumwonyesha Mkwawa alipo. Zawadi ya rupia 5,000 ilitangazwa. Mpangile, aliyetawazwa na Wajerumani wenyewe, aliuawa nao mwaka 1897 kwa kushukiwa kumsaidia kaka yake kwa siri.

Julai 19, 1898 doria ya Sajini Merkl ilimkamata kijana aliyekuwa amefuatana na Mkwawa, naye akawaongoza hadi maficho ya Mlambalasi. Walipofika, Mkwawa alikuwa amekwisha kujipiga risasi. Fuvu la kichwa chake lilipelekwa Ujerumani, likarejeshwa mwaka 1954, na sasa limehifadhiwa katika makumbusho ya Kalenga.