Viti vya jikoni vya Stanley Matthews

Wazazi wenzangu, kila nikisikia mtoto akifukuzwa uani kwa sababu ya mpira, humkumbuka Stanley Matthews. Alizaliwa mwaka 1915 mjini Hanley, Uingereza. Babake, Jack, alikuwa kinyozi na bondia, na alitamani mwanawe naye awe bondia. Kila alfajiri alimwamsha wafanye mazoezi ya viungo. Hatimaye alipoona moyo wa kijana uko kwenye kandanda, akamwachia njia yake, lakini ule mtindo wa kurauka ukabaki. Stanley alikuwa akipanga viti vya jikoni uani, anavipiga chenga kimoja baada ya kingine.

Chenga hizo ndizo zilizokuja kuwahangaisha mabeki. Mwaka 1953 aliisaidia Blackpool kutwaa Kombe la FA kwa kuilaza Bolton 4-3. Mwaka 1956 akawa mchezaji wa kwanza kutuzwa Ballon d'Or. Aliicheza ligi hadi 1965, akiwa na miaka 50. Alifariki mwaka 2000.

Basi tusimhimize mtoto afanye mazoezi nasi tumejiinamia simu barazani. Tumtolee viti viwili uani, tukae tumtazame.